Mgonjwa Hutaja Jina Lake Mwenyewe

Hannah Nyambura alikuwa na kanuni moja tu aliyoiamini bila kuidadisi, nayo hakuipata kanisani. Kabla ya kumpa mgonjwa dawa, muuguzi humwuliza jina lake kamili, kisha husoma utepe wa plastiki uliofungwa kwenye kifundo cha mkono wake, na akiona viwili hivyo vinalingana ndipo huchoma sindano. Asimtajie mgonjwa jina kisha akamwuliza kama ni lake, kwa maana mtu mwenye homa huitikia jina lolote. Katika miaka minne ya kazi kwenye hospitali ya binafsi mjini Jeddah, aliwarudia wauguzi wageni maneno yale yale mpaka wakamtania kwayo: mwache alitaje mwenyewe. Kanuni nyingine zote, za dini, za serikali na za kafili, mwajiri aliyemdhamini, alizitii kwa sababu kuzivunja kulihitaji nguvu ambazo hakuwa nazo tena.

Ujumbe ulimfikia Alhamisi alasiri, mwezi wa Machi mwaka 2016. "Niko njiani na mzigo. Mguu wa kushoto umevimba. Usimwambie mama."

Aliyeuandika ni Priscah, mdogo wake wa pekee, dereva wa lori katika kampuni ya kusafirisha majokofu yenye maghala Al-Sulay, upande wa kusini wa Riyadh. Katika pasipoti, ikama ya ukaazi na mkataba, Priscah aliitwa Gilbert Nyaga, jinsia mwanamume. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa amempigia Hannah simu akiwa juu ya paa la nyumba ya zamani huko Manfuha, alikokaa chumba kimoja na wanaume watano, akamweleza kwa sauti ya mtu anayeripoti ajali iliyotokea mbali kwamba hakuwahi kuwa mwanamume, kwamba kujifanya kumemchosha, na kwamba jina alilojichagulia ni la shangazi yao marehemu, yule aliyekuwa akishona sare za shule kwao Runyenjes, Kenya. Shangazi huyo ndiye aliyemkuta Priscah akiwa na umri wa miaka saba, amevaa gauni la mteja mbele ya kioo. Hakumcheka wala hakumsifu. Alipiga magoti akarekebisha pindo.

Hannah naye hakulia, hakukemea wala hakutaja Biblia. Alifanya jambo ambalo wakati ule alilihesabu kuwa bora kuliko yote matatu: alimtumia mwongozo wa kitabibu wa kurasa arobaini na moja, akapigia mstari sehemu zilizostahili, na mwishoni akaandika, "Subiri mkataba uishe." Mkataba uliisha, ukafanywa upya, naye akaandika tena maneno yale yale. Alisoma kila alichoweza kukipata juu ya watu waliobadili jinsia, akalielewa somo lile kuliko madaktari wengi wa hospitali yake. Ila jina la Priscah hakuwa amelitamka hata mara moja. Kwenye simu alisema "wewe", na katika ujumbe aliandika "mdogo wangu". Alijiambia kwamba ni tahadhari, katika nchi ambayo mwanamume akikamatwa na vazi la kike hufungwa kwanza na kurudishwa kwao baadaye. Hoja hiyo ilikuwa na ukweli wa kutosha kumwezesha asiichunguze.

Walikutana Ijumaa mtaani Sharafiya, Jeddah, baada ya sala, maduka ya simu yalipokuwa yakiinua milango yake ya chuma na Wayemeni wa mikahawa wakifuta meza. Hannah alikuwa amesimama kando ya ofisi ya kutuma fedha, amevaa abaya nyeusi iliyopauka mabegani, alipomwona Priscah anavuka barabara kwa kuburuta mguu. Alikuwa mrefu, amevaa ovaroli la kampuni na kofia, na juu ya ovaroli koti zito ambalo halikuhitajika kwa joto lile.

"Umechelewa," Hannah alisema.

"Ni lori, sista, si ambulensi. Ukitaka spidi ungeita daktari wa ndege."

Mkahawa walioufikia ulikuwa na milango miwili, mmoja wa wanaume na mwingine wa familia. Kijana wa mlangoni alimtazama Priscah, akamtazama Hannah, akauliza, "Aila?"

"Aila," Priscah alijibu. "Huyu ni dada yangu. Tumbo moja."

Wakapewa chumba kidogo cha mbao chenye zulia, mto na pazia la kufunga, ambamo familia hula bila kuonekana na familia nyingine. Priscah aliketi kwa taabu, akanyoosha mguu. Aliwahi kumwambia Hannah kwamba huo ndio mlango pekee katika ufalme mzima anaoingia akijiona ameingia mahali pake, nao haufunguki mpaka dada yake awe Riyadh au yeye awe Jeddah. Hannah alikuwa amelichukulia neno hilo kama mzaha.

Alifunga pazia. "Pandisha suruali."

"Chai kwanza."

"Pandisha."

Hannah alivua utepe wa kitambulisho chake cha kazi shingoni, akauzungusha kwenye shavu la mguu wa kulia, akatia alama kwa ukucha, kisha akauzungusha kwenye wa kushoto. Alama ilipungukiwa na upana wa vidole viwili vizima. Ngozi iling'aa, ilikuwa na joto, na alipobonyeza kwa kidole shimo lilibaki. Alikuwa ameona miguu ya namna hiyo kwa wanawake waliojifungua na kwa wazee waliolala kitandani mwezi mzima. Hakupata kuiona kwa mtu wa miaka ishirini na tisa anayeweza kusukuma jokofu.

"Unahema ukipanda ngazi?"

"Tangu juzi, kidogo. Nilidhani ni sigara."

"Unameza nini?"

Priscah alitazama pazia. Mhudumu aliingiza mkono, akasukuma birika la chai na sahani ya wali, akaondoa mkono. "Panadol."

"Sikuulizi kama mama. Nakuuliza kama mtu aliyeona maiti nyingi."

Priscah akafungua zipu ya koti, akatoa pakiti ya vidonge, akaiweka juu ya zulia kati yao. Vilikuwa vidonge vya kupanga uzazi, vya aina ya zamani. Alikuwa akimeza vitatu kwa siku, na hivi sasa ni mwezi wa kumi na moja. Njia hiyo alielekezwa na Mfilipino mmoja anayenyoa watu mtaani Batha, ambaye naye amevimeza miaka sita bila kuugua. Duka la dawa la Manfuha halikutaka cheti cha daktari. Mwuzaji alimpongeza kwa kumjali mkewe.

"Nikamwambia mke wangu ni msumbufu lakini nampenda," Priscah alisema. "Alinipa na kalenda."

Hannah hakucheka. Akaanza kueleza, kwa utaratibu aliozoea kuwaeleza ndugu wa wagonjwa. Homoni iliyomo katika vidonge vile ni ya jamii moja na ile wanayopewa wanawake kama yeye kwenye kliniki, lakini ile ya kutengenezwa kwa ajili ya uzazi hukaa mwilini muda mrefu, hupita kwenye ini na kuifanya damu iwe nyepesi kuganda, na kwa kipimo cha mara tatu, juu ya sigara, juu ya saa kumi na nne za kukaa nyuma ya usukani kutoka Riyadh, alikuwa amejitengenezea donge kwa bidii ya kutosha. Zipo njia salama zaidi. Kuna jeli ya kupaka na mabandiko ya kubandika kwenye ngozi, yasiyopita kwenye ini, na kuna dawa za kutuliza homoni ya kiume, ila zote zinataka daktari, damu ipimwe kabla na ipimwe tena kila baada ya miezi. Anayetaka kuzaa baadaye huulizwa mapema, kabla uzazi haujapungua. Sauti haibadilishwi na dawa hizo, hufundishwa. Upasuaji upo kwa anayeutaka, na wengi hawautaki. Wapo wanaobadili jina na mavazi peke yake wakatosheka, na wapo wanaoanza kwa kuzungumza na mshauri mwaka mzima kabla ya kuamua lolote. Hakuna ngazi ambayo lazima mtu aipande yote.

"Sasa umeanza somo," Priscah alisema. "Nikununulie chaki?"

"Nilikutumia haya yote."

"Kurasa arobaini na moja. Nilizisoma, Hannah. Nilizisomea pale Sulay nikingoja kupakiwa, jua limesimama kichwani. Kila ukurasa unasema mwone daktari. Mwone daktari wa homoni, mwone wa akili, mwone wa sauti. Pale nina msimamizi mmoja Mpakistani na paka. Nimwone nani?"

"Nilikwambia usubiri."

"Nilisubiri. Kusubiri nako kuna madhara yake, ila hayakuwa kwenye mwongozo wako." Alimimina chai nusu kikombe, akaiacha. "Wiki ya tano ya hivi vidonge niliamka asubuhi nikaona sina hasira. Nikakaa kitandani nikiitafuta. Wenzangu watano wanakoroma, maji yamekatika, na mimi sina hasira. Tangu darasa la tatu sijawahi kuamka hivyo. Wewe unataka niviache."

"Leo."

"Halafu nirudi kuwa nani?"

Hannah alijua kwamba jibu la swali hilo halimo katika ukurasa wowote alioupigia mstari. Akashika njia nyingine, ngumu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. "Hilo donge likitoka mguuni likafika kwenye mapafu, utakufa. Huenda ukafa kwenye barabara ya Taif ukiwa na majokofu themanini nyuma yako. Wataniita mimi, maana mimi ndiye ndugu aliyeko karibu. Nitatia sahihi karatasi ya kupokea maiti ya Gilbert Nyaga, mwanamume, na sanduku litaandikwa hivyo, na msalaba Runyenjes utaandikwa hivyo. Unalolikimbia lote litakuwa limekupata, na hutakuwepo kulikataa."

Ng'ambo ya ubao mtoto alikuwa akikataa kula, na baba yake akimbembeleza kwa Kimalayalamu.

"Una mdomo mbaya," Priscah alisema. "Wagonjwa wako hupona kwa woga."

"Wengine."

"Na wakiniuliza natumia nini? Karatasi ya hospitali inaenda kwa bima, ya bima inaenda ofisini, na ofisini wataisoma mpaka mpika chai. Halas. Sitapona mguu, nitafungwa nao."

"Karatasi hiyo hujazwa na muuguzi," Hannah alisema. "Simama taratibu. Usiukande huo mguu."

Ilikuwa siku yake ya mapumziko, lakini hakuna aliyeshangaa kumwona hospitalini. Katika idara ya dharura, upande wa wanaume, muuguzi Mitchelle kutoka Kisii ndiye aliyekuwa zamuni.

"Wewe hauna nyumba?" Mitchelle alimwuliza.

"Huyu ni wa kwetu. Nitamshughulikia mwenyewe."

"Shughulika. Nina wanne wanaotapika shawarma ya jana."

Priscah alivalishwa utepe wa mkononi ulioandikwa jina na nambari ya ikama. Kipimo cha picha kilionyesha donge kwenye mshipa wa paja. Kwa sababu ya kuhema, daktari akaagiza pia kipimo cha umeme wa moyo, na hapo Hannah akatambua kosa katika mpango wake. Alikuwa ameifikiria karatasi, akausahau mwili. Kipimo hicho hutaka kifua wazi. Kwa kawaida kwa wanaume hufanywa na fundi wa kiume, mtu mwema mwenye maneno mengi. Hannah aliisukuma mashine mwenyewe, akavuta pazia pande zote, akabana ncha zake kwa vibanio.

"Koti," alisema.

Priscah alivua koti, ovaroli, kisha fulana mbili zilizobana. Akalala, akageuza uso ukutani.

Hannah alikuwa amesoma juu ya mabadiliko hayo na muda yanaochukua. Alijua kwamba huanza kwa maumivu nyuma ya chuchu, kwamba ukubwa hautabiriki. Sasa aliyaona matiti: mawili, madogo, yanayoanza tu, yenye alama nyekundu za mishono ya fulana zilizoyabana miezi mingi kwenye joto la Riyadh. Alibandika nyaya sita mahali pake. Vidole vyake, vilivyobandika nyaya kwenye vifua elfu, vilikuwa baridi, naye akaomba radhi.

"Ya nini?" Priscah aliuliza akiwa bado ametazama ukuta.

"Vidole ni baridi."

Moyo ulikuwa unakwenda mbio lakini mapigo yake yalikuwa na mpangilio. Oksijeni katika damu ilitosha. Hannah aling'oa nyaya, akamfunika shuka mpaka shingoni, ndipo akachukua fomu ya mapokezi. Kwenye sehemu ya chanzo aliandika: safari ndefu ya lori, saa kumi na nne; sigara. Iliyofuata ilikuwa dawa anazotumia. Kalamu ikasimama.

"Daktari lazima ajue," alisema. "Asipojua, atatafuta saratani ambayo haipo, na hatakuonya kuhusu kilichopo. Lakini sitamwambia bila wewe kutaka."

Priscah alivuta shuka mpaka kidevuni. "Mwambie. Usiandike."

Daktari alikuwa Msudani wa makamo aliyekuwa kazini tangu jana. Hannah alimkuta ukumbini akiegemea ukuta, akamweleza kwa sentensi mbili: vidonge vya uzazi, vitatu kwa siku, miezi kumi na moja, mgonjwa anaishi kama mwanamke pale anapoweza, na hapa hawezi. Daktari alitazama pazia la kitanda nambari tano, kisha fomu.

"Umeliandika hilo?"

"Bado."

"Basi kalamu yako imekauka." Alisugua macho. "Aviache leo. Sindano leo, kisha vidonge vya kuzuia damu kuganda kwa miezi sita. Asiendeshe masafa marefu, hilo nitaliandikia kampuni yake. Baada ya hapo, kama bado anataka homoni, iwe ya kupaka kwenye ngozi, na chini ya daktari, katika nchi nyingine."

Hakuuliza zaidi. Hannah hakujua kama ilikuwa huruma au uchovu. Baada ya miaka minne alikuwa ameacha kuvitofautisha.

Mitchelle alikuwa tayari na trei ya sindano. "Nipe," Hannah alimwambia, akarudi nyuma ya pazia, akafunua sehemu ndogo ya tumbo, akapangusa kwa pamba. Kisha mdomo wake, kwa mazoea ya miaka, ukauliza:

"Jina lako kamili?"

Priscah alimtazama. Hannah angeweza kulirudisha swali, lakini aliyefundisha wengine kutoliruka hakujua jinsi ya kuliruka.

"Gilbert Nyaga," Priscah alisema, kama mtu anayesoma nambari ya gari.

Hannah alisoma utepe. Vililingana. Kanuni ilikuwa imetimizwa kikamilifu, na kwa mara ya kwanza aliona kwamba inaweza kutimizwa huku uongo ukiwa umeandikwa pande zote mbili. Alichoma sindano, akahesabu moja hadi kumi, akatoa, akaitupa kwenye sanduku la manjano, akaosha mikono.

Alirudi akavuta kiti. Hakuwa na fomu mkononi. "Jina lako?"

"Umeshaniuliza."

"Ile ilikuwa ya sindano."

"Hilo unalijua, Hannah. Unalijua miaka miwili. Mimi nilishalitaja, tena kwa simu ya gharama." Priscah alikunja utepe wa mkononi kwa kidole. "Zamu ni yako."

"Priscah," Hannah alisema. Lilitoka likiwa kavu, kama neno la lugha ambayo mtu ameisoma vitabuni bila kuisema.

"Tena."

"Usizidishe."

Mashine ya jirani ililia, ikanyamaza.

"Katika yote yale niliyokuhubiria," Hannah aliuliza, "unataka lipi?"

Priscah alihesabu kwa vidole. "Kwanza nitoke. Barua ya daktari iko, kafili hana kazi na dereva asiyeendesha. Atanipa viza ya kuondoka. Halafu jina, kwa wakili, Nairobi. Nasikia wengine wamelibadilisha hata kwenye cheti cha shule. Hiyo jeli nitaitaka, damu ikikubali. Upasuaji sijui. Huenda nisiutake kamwe. Na miezi hii sita sijui nitaipitaje. Hiyo ndiyo niambie, kama unajua."

"Sijui," Hannah alisema. "Itakuwa mibaya. Utanipigia simu."

"Utaniita nani ukipokea?"

"Nimeshakuita."

Priscah aliingiza mkono mfukoni mwa koti lililokuwa miguuni pake, akatoa ile pakiti ya vidonge, vilivyobaki kumi na vinne, akaiweka kwenye kiganja cha dada yake. Vidole vya Priscah vilibaki juu yake, vimeishika. Hannah hakuvuta. Alikuwa na jioni nzima ya mapumziko iliyobaki, wala hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Akaacha mkono wake wazi pale juu ya shuka, akingoja.